Samaki wa Chumbani

Wenzake wa biashara walimwita mwanamke huyo Hapungui, na mwenyewe aliitika. Ukimtajia bei yako anakusikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kama mtu aliyekuelewa vizuri, halafu anarudia ile ile bei yake aliyoanza nayo. Ukikasirika ukaondoka, anakuaga kwa heshima. Ukirudi, na watu walikuwa wakirudi, hakuongezei wala hakusimangi. Anafunga mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa samaki hai, na si wa kula. Walikuwa wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye matumbawe, ambao watu wa mbali huwaweka ndani ya vioo sebuleni ili wawatazame wakitoka kazini. Hapungui hakuwahi kuelewa raha ya kumkodolea macho samaki usiyekusudia kumkaanga. Lakini pia hakuwahi kubishana na mteja juu ya raha zake.

Bohari yake ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Chumba kirefu cha bati, matangi ya vioo yamepangwa safu tatu, pampu za hewa zinanguruma kutwa kucha na sakafu haijui kukauka. Mgeni akiingia mara ya kwanza huanza kupaza sauti kwa sababu ya pampu; Hapungui yeye alizungumza kwa sauti ya kawaida, ili mgeni ndiye ainame na kusogeza sikio. Alikuwa ameligundua hilo zamani: mtu aliyeinama hapatani bei vizuri.

Biashara hii aliingia kwa mlango wa ndoo. Alianza kama mbeba maji ya chumvi kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na kiburi na miguu mibovu. Wabebaji wenzake wakimwaga maji wanaondoka. Yeye alibaki kidogo akitazama nani anakufa. Akajua samaki anayeegemea pembe ya tangi asubuhi hatafika salama hata umpakie kwa dua. Akajua usimlishe kabla ya safari, maana atachafua mfuko wake na kujiua kwa uchafu wake mwenyewe. Yule bosi alipofunga biashara, watu waligombania pampu na jenereta. Hapungui akaomba matangi mawili yenye nyufa ambayo hakuna aliyeyataka. Akayaziba kwa gundi ya vioo, akayajaza maji, akakaa mbele yake kutwa nzima akisubiri yavuje. Hayakuvuja. Ndipo akamwita mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, baba mmoja mama mmoja. Mama yao alipofariki, mtoto huyo ndio kwanza anang'oka meno ya utoto, na Hapungui ndiye aliyemwogesha, akamsomesha mpaka alipokataa shule, akamposea mke. Kwa kuwa alizaliwa na mapafu ya ajabu, watu walimpa jina la Kifua. Hapungui, dada yake, hakujua kuogelea hata kidogo. Bahari aliiogopa na hakuona haya kusema. Kwa hiyo walipatana: Kifua azame, dada auze. Kifua alishuka na mpira wa hewa uliounganishwa na kompresa kwenye boti, akikusanya kwa wavu mdogo wa mkono, mmoja mmoja, bila sumu. Na samaki aliwapandisha polepole, ndoo yenye matundu ikining'inia katikati ya maji kwanza, ili wasifure matumbo. Hiyo ndoo ilikuwa sharti la dada. Samaki wa Hapungui walifika wazima, na sifa hiyo ndiyo iliyomfanya asipungue.

Kwenye kazi hii kuna adabu moja kubwa: humuulizi mwenzako anavulia wapi. Ni sawa na kumuuliza mtu analala upande gani wa kitanda.

Siku Kifua alipoukuta ule mwamba, aliibuka akicheka peke yake kama mwehu. Chini, kwenye ufa mmoja wa matumbawe, palikuwa na samaki wa umbo wanalolijua, wale wa fedha wenye mistari myeusi wanaopatikana kila mahali na kuuzwa kwa bei ya bure. Ila hawa mapezi yao yalikuwa na mstari wa buluu ukingoni, mwembamba, umenyooka, kama pindo lililoshonwa na fundi asiyekunywa. Wakawaita Pindo. Wateja wakawagombania.

Mara moja tu dada alikubali kupandishwa kwenye boti aende akaone. Alitapika njia nzima. Lakini alikariri alama: mnara wa simu ukae juu kabisa ya paa jekundu la shule, na upande wa pili ncha ya gati ilifiche tangi la maji la kiwanda. Pale mistari miwili inapokutana, ndipo. Zaidi ya hapo ni maji matupu. Mahali penyewe wakapaita Chumbani, kwa sababu wageni huishia sebuleni.

"Chumbani haingii mtu," alimwambia mdogo wake. "Hata mkeo asijue."

"Mke wangu anajua kukaanga samaki, dada, hajui kuwatafuta."

"Hata hivyo."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Hapungui aliridhika. Katika maisha yake aliwahi kuomba dhamana kwa kila mtu aliyefanya naye kazi, isipokuwa huyu.

Miaka ikapita vizuri. Halafu Mapipa naye akaanza kuuza Pindo.

Mapipa alikuwa mpinzani wake, mzee mnene mwenye maneno matamu, aliyeanza kwa kuweka samaki kwenye mapipa ya plastiki na jina likamganda. Alitangaza kwamba Pindo wake wanatoka miamba ya mbali upande wa kusini. Wateja wakapata fimbo. Kila Hapungui akitaja bei, anajibiwa kwamba Mapipa anao hao hao na ni mtu wa kuongea naye.

"Hawawezi kuwa hao hao," Hapungui alisema siku hiyo wakila chakula cha mchana, maana Kifua alikula kwake kila siku ya kazi.

"Wanafanana tu, dada," Kifua akasema. "Wa kule kusini nimesikia pindo lao linafifia wakikaa kwenye vioo."

"Basi atuuzie vitambaa vinavyochuja, mzee huyo." Na Hapungui akamwigiza Mapipa: akajaza mashavu hewa, akashika tumbo, akasema kwa ile sauti ya asali, "Dada yangu, mimi na wewe riziki yetu bahari moja." Kifua alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo ikawa mchezo wao wa mezani. Hapungui hakuwa mtu wa kuchekesha, na kule kumchekesha mdogo wake kulimfurahisha kuliko alivyotaka kukubali.

Wakati huo huo Pindo wakaanza kupungua kwenye ndoo. Kifua alilaumu joto la maji. Dada alimpa pole, akamwambia apumzike wiki nzima, mwamba upate nafasi ya kuzaa.

Ndipo akaja Daktari.

Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, mtafiti wa samaki wa matumbawe. Alizunguka kwa wafanyabiashara wote akiomba vipande vya mapezi. Alisema wazi kwa nini: kwenye matangi yao wamekusanyika samaki wa bahari nzima, na kama angewatafuta mwenyewe mmoja mmoja angezeeka.

"Kipande kikubwa kiasi gani?" Hapungui akauliza.

"Kama kucha ya mtoto mchanga, mama. Na pezi linaota tena."

"Samaki anabaki wa nani?"

"Wako."

"Na wewe hicho kipande unakifanyia nini?"

"Ndani yake kuna vinasaba, tuseme maandishi ya ukoo wake. Tunayasoma. Samaki wawili wanaweza kufanana kama mapacha kumbe koo zao ziliachana zamani mno. Kwa macho huwezi kujua. Hawa wako kwa mfano," akainamia tangi la Pindo, "kila mtu atakwambia ni wale wa kawaida wenye rangi kidogo."

"Hata mimi nasema hivyo. Nadhani wanakula kitu kizuri."

"Mimi sina hakika. Ndiyo maana nataka kukata."

Aliyemjua Hapungui angejua kwamba hapo anapiga hesabu. "Hayo maandishi yanaweza kusema samaki wa mtu mwingine ni feki?"

Daktari akacheka. "Samaki hawi feki, mama. Anaweza kuwa mwingine tu."

"Huyo mwingine ndiye ninayemtafuta."

Wakapatana pale pale. Daktari akate Pindo wa Hapungui, kisha aende akakate wa Mapipa, na wa kawaida kutoka kila mahali anakoweza kufika, kusini kukiwemo. Jibu alisikie Hapungui kwanza, kwa mdomo wa Daktari mwenyewe, hapa bohari. Na mahali wanapotoka asiulize.

"Bila mahali kazi yangu haikamiliki, mama."

"Basi ianze bila kukamilika."

Kwa hiyo kwenye vichupa vyake vya spiriti Daktari akaandika Chumbani, neno pekee alilopewa, akidhani labda ni jina la tangi.

Kifua aliposikia hakupenda. "Unawakata samaki mapezi kwa kazi gani? Mteja akiona amenyofolewa si atamkataa?"

"Linaota tena."

"Mambo ya wasomi hayo. Samaki hana kitambulisho, dada. Akishaingia kwenye tangi ni samaki tu, nani atajua katoka wapi?"

"Ndiyo tutajua sasa." Akampiga begani kwa furaha. "Mdogo wangu, nataka nimvue Mapipa nguo mbele ya wateja wake."

Kifua akasema, "Haya." Na Mapipa naye alipoombwa alitoa mapezi bila kinyongo, hata chai akampa Daktari, maana naye aliamini hivyo hivyo, kwamba tangi linafuta kila kitu.

Majibu yalichukua muda, ikafika hatua Hapungui akamsahau kidogo yule binti. Daktari aliporudi, alirudi anacheka tangu mlangoni. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua kompyuta magotini na kumwonyesha mchoro kama mti uliolala ubavu, matawi yake yakigawanyika na kugawanyika.

"Tazama. Huku chini wote ni wale wa kawaida, wa kila mahali, kundi moja. Na hawa huku juu, peke yao kabisa kwenye tawi lao, ni Pindo. Si rangi tu, mama. Ni spishi mpya! Hakuna aliyewahi kuiandika."

"Hongera," Hapungui akasema. "Ila samaki alikuwepo."

"Alikuwepo, hakuwa na jina. Tunaweza hata kumpa lako."

"Jina langu lina kazi zake. Endelea."

Daktari akaendelea, mikono ikipaa. Pindo, alisema, hawatagi mayai yakabebwa na maji kama samaki wengi wa matumbawe. Baba hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na muda wote huo hali kitu.

"Kumbe kuna mwanaume duniani anayejua kufunga mdomo," Hapungui akasema, na wote wawili wakacheka.

"Na vitoto vikitoka vinabaki pale pale. Havisafiri. Ndiyo maana kila mwamba unakuwa na ukoo wake, hata mwamba na jirani yake tofauti inaonekana kwenye vinasaba."

"Haya. Wa Mapipa ni wa ukoo gani?"

Daktari akashusha mikono. "Hapo ndipo nilipotaka tuongee. Ni hao hao."

"Hao hao kwa aina, au hao hao?"

Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kupewa mzigo wenye mchanganyiko, na Daktari alimtazama kwa heshima mpya. "Hao hao, mama. Kule kusini alikonitajia nilikwenda. Kuna wale wa kawaida tu, Pindo hakuna hata mmoja. Wa Mapipa wanaingia katikati ya wako. Wawili ni ndugu kabisa, baba mmoja mama mmoja, na huyu niliyemkata kwenye tangi la pale dirishani. Wamezaliwa ufa mmoja."

Pampu zilinguruma. Hapungui alikuwa ameshika ukingo wa tangi, akaanza kukwangua chumvi iliyoganda kwenye bomba kwa ukucha wa kidole gumba.

"Vichupa vyako havikuchanganyika?"

"Ndivyo nilivyodhani mimi pia. Nilirudi nikakata upya, wako na wake, nikarudia kazi yote tangu mwanzo. Jibu ni lile lile."

"Mtu hawezi kuwa ameupata mwamba huo kwa bahati?"

"Hilo vinasaba havisemi. Vinasema tu ni mwamba mmoja." Daktari akafunga kompyuta. "Na vinasema jambo jingine. Ukoo wenyewe umebaki mwembamba sana. Wazazi ni wachache. Wakiendelea kuvunwa hivi watakwisha, na hakuna mahali pengine tunapopajua. Sasa naomba uniambie ni wapi, mama. Siwezi kuitangaza spishi bila kusema inakaa wapi. Na bila kutangazwa hakuna wa kuilinda."

"Nipe muda."

Alimsindikiza mpaka barabarani kama ada, akasimama mpaka binti akakata kona. Aliporudi ndani alikaa juu ya ile ndoo. Waliokuwa wanaijua Chumbani ni watu wawili, na mmoja ndiye aliyekaa juu ya ndoo.

Hata hivyo hakukurupuka. Mchana Kifua akaja kama kawaida, akanawa, akala. Hapungui alimwacha ashibe.

"Chumbani kukoje?"

"Hakuna kitu, dada. Maji mwaka huu yamekuwa moto, nimekwambia."

"Mapipa anakulisha nini ambacho hapa hakuna?"

Kifua aliweka mkono wake kwenye sahani akausahau humo. "Mapipa? Mimi na Mapipa wapi na wapi?"

"Nakuuliza kwa upole. Samaki wake wamezaliwa na samaki wangu, baba mmoja mama mmoja. Yule binti kasoma kwenye mapezi, kasoma mara mbili. Sasa aidha mimi nimemwonyesha Mapipa alama, mimi ninayetapika nikiona boti, au wewe."

Kifua akasukuma sahani. Alipoongea hakuongea kama mtu aliyefumaniwa. Aliongea kama mtu aliyechoka kungoja zamu.

"Nimekuomba boti yangu mwenyewe tangu lini?"

"Nikakwambia bado."

"Bado! Dada, mimi nina mvi kwenye ndevu. Masikio yanapiga kelele usiku kucha, goti hili halikunjiki. Mlangoni umeandika jina lako peke yako. Mteja akipiga simu hajui kama nimezaliwa. Kila mahali mimi ni mdogo wake Hapungui. Mapipa aliniita mshirika."

"Alikuita mshirika kwa sababu ya ulichokuwa nacho mkononi. Ungeenda mikono mitupu angekuita kijana."

"Hata hivyo aliniita."

Kuhusu boti dada alijua mdogo wake ana haki. Alikuwa amelijua hilo kwa miaka, akaliweka kando kama mtu anavyoweka kando mteja asiye na haraka. Angeweza kulizungumza. Kwa boti wangepatana. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine, kidogo, cha aibu hata kukitaja.

"Nilipokuwa namwigiza Mapipa hapa mezani," akasema, "wewe ulikuwa unacheka nini?"

Kifua akatazama mlango.

"Nijibu. Ulikuwa umetoka kwake, samaki wangu uko nao kwake, unakaa hapo, unacheka mpaka machozi. Ulikuwa unamcheka nani?"

"Yameshakwisha hayo, dada."

"Wiki ile niliyokwambia upumzike, ulipumzika?"

Kifua akainuka kwenda kunawa bila kumtazama. Hapungui akakusanya vyombo. Kwa mara ya kwanza tangu mama yao afariki, alikuwa anataka kumpiga mtu huyu na pia kumuuliza kama masikio yamekuwa yakimuuma muda mrefu. Akachagua biashara, kwa sababu ndiyo aliyoijua.

"Sikiliza. La boti tutaliongea. Lakini yule binti anasema hawa ni spishi mpya, na anataka mahali. Akipata mahali, mwamba utafungwa. Sijaamua. Mpaka niamue, neno hili libaki baina yetu wawili. Mapipa asilisikie. Hilo tu ninalokuomba, na ukiliweza, mengine nitayameza."

"Halitoki," Kifua akasema haraka. "Naapa, dada. Kwa kaburi la mama."

Alimtazama akitoka, goti likimsumbua kwenye ngazi. Alitaka kumwamini. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka bei yoyote, akajua kwamba hiyo ni dalili mbaya.

Kabla ya wiki kugeuka, Mapipa mwenyewe alisimama mlangoni mwa bohari, kofia mkononi, jasho shingoni. Nyuma yake, hatua chache kando, Kifua anachezea funguo.

"Dada yangu," Mapipa akaanza, kwa sauti ile ile. "Tumeshindana vya kutosha. Mimi na wewe riziki yetu..."

"Keti, mzee. Umekuja na shida gani?"

"Huyu binti wa mapezi. Akiambiwa mahali, tumekwisha wote, watafunga. Lakini asipoambiwa, spishi yake haipo, si ndiyo? Atapiga kelele, atachoka, ataondoka. Tukae kimya, tugawane mwamba kiungwana. Kijana wetu hapa anazama, mimi na wewe tunauza, bei tunaipanga pamoja. Unaonaje?"

Lilikuwa pendekezo zuri. Angeliletewa na mtu mwingine, siku nyingine, angemvuta kiti karibu. Alimtazama Mapipa kwa muda, kisha akamtazama mdogo wake juu ya bega la yule mzee.

"Nani kakwambia kuna spishi?"

Mapipa aligeuka kidogo, kidogo sana, kuelekea zilikolia funguo.

"Dada, nilifikiri tukikaa watatu..." Kifua akaanza.

"Asante, mzee," Hapungui akasema. "Nimekusikia. Chai sina leo."

"Na jibu?"

"Utalipata."

Walipoondoka alimpigia Daktari. Hakumsalimia kwa maneno mengi. Alimwambia kwamba mahali anapopatafuta anapajua, na kwamba anapauza.

Daktari alifika mbio. Masharti ya Hapungui yalikuwa mafupi. Pindo walioko kwenye matangi yake wabaki wake, mmoja mmoja akatwe pezi sasa hivi, ijulikane kwamba walitolewa kabla ya kufungwa. Na Daktari amfundishe kuwazalisha ndani ya vioo.

"La matangi nakuahidi," Daktari akasema. "La kuzalisha nitajaribu, linawezekana ila si rahisi. La kufunga mwamba si langu, ni la idara ya uvuvi, na watachukua muda wao. Lakini ujue, mama, wakifunga wanafunga kwa wote. Hata wewe hutaingia."

"Mimi siogelei."

"Na Pindo yeyote atakayeuzwa baada ya hapo, akikatwa pezi itajulikana katoka wapi."

"Hilo umelieleza vizuri tangu siku ile," Hapungui akasema. "Ndilo ninalonunua."

Wakakodi boti ya mtu wa mashua za mizigo, mtu asiyewajua. Hapungui akakaa mbele akishika ubao kwa mikono miwili, akitapika kila walipopanda wimbi, akifuta mdomo, akitazama nyuma kuelekea nchi kavu. Mnara ulikuwa kushoto mno. Akaonyesha kwa kidole. Ukasogea, ukapanda juu ya paa jekundu, ukatulia. Akangoja ncha ya gati. Ilipolimeza tangi la maji akainua mkono, mkono ukabaki juu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Hapa."

Daktari akavaa mitungi ya hewa na kushuka. Mwenye boti akauliza wanatafuta nini, akaambiwa samaki, akasema samaki wako sokoni. Hapungui hakucheka. Alitazama povu likipanda, na kwa mara ya kwanza alijiuliza mtu anasikia nini huko chini, masikio yanaanza kuuma wapi.

Daktari aliibuka, akang'oa kifaa mdomoni. "Wapo! Kwenye ufa mrefu, chini ya jiwe lililolala. Si wengi, mama. Lakini wapo."

Kifua alikuwa gatini waliporudi. Mtu alikuwa amemwambia dada yake kapanda boti, na hakuna aliyehitaji kumwambia imeelekea wapi. Mwenye boti akarusha kamba, Kifua akaidaka bila kufikiri na kuifunga vizuri, kama alivyofunga kamba maisha yake yote. Kisha akanyoosha mkono kumsaidia dada kupanda. Hapungui akashika nguzo, akapanda mwenyewe, sketi imelowa, ladha ya matapishi mdomoni. Daktari akajifanya ana shughuli na mitungi.

"Umepatoa," Kifua akasema.

"Nimepatoa."

"Kwa watu baki. Bora hata ungenipiga."

"Nilikuomba neno moja tu."

"Sasa mimi nitazama wapi, dada? Kazi nyingine siijui."

"Kamuulize mshirika wako."

Lilikuwa jibu zuri. Alikuwa amelitengeneza njia nzima, kati ya wimbi na wimbi, akaona hakuna aliyewahi kumjibu mtu vizuri kuliko hivyo. Alipolisema, Kifua alipepesa macho mara moja, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kuelekea barabarani akiburuta lile goti. Hapungui alisimama akingoja jibu lake limfanyie kazi. Alingoja mpaka mgongo wa mdogo wake ulipopotea kati ya malori ya mizigo, halafu Daktari akamuuliza kama yuko sawa, naye akamwambia abebe mitungi yake waende, matangi yanahitaji maji mapya.